Tumeshusha uchangamano wa kila fanksheni chini ya 10, lakini gharama za matengenezo hazijashuka. Tunapima nini hasa?

#1 Fundi Bawaba (mleta mada)

Habari za wakati huu, wanajukwaa.

Kazini tunatunza mfumo wa mishahara tuliourithi kutoka kwa timu mbili zilizotangulia. Uongozi uliamua kwamba gharama za matengenezo zipunguzwe kwa kupima uchangamano wa msimbo. Kipimo kilichochaguliwa ni kile alichokipendekeza Thomas McCabe mwaka 1976, ambacho kwa lugha nyepesi ni kuhesabu kila mahali programu inapolazimika kuamua iende njia ipi, yaani kila sharti na kila kitanzi, kisha kuongeza moja. Kikomo kikawekwa 10. Kila fanksheni (yaani kipande cha msimbo chenye jina na kazi yake) iliyozidi hapo ilivunjwavunjwa mpaka ikakubalika, na leo dashibodi, ule ukurasa unaoonyesha alama hizo kwa rangi, ni ya kijani kutoka juu hadi chini.

Tatizo ni kwamba muda tunaoutumia kwa kila ombi la mabadiliko haujapungua, na kwa baadhi ya maombi umeongezeka. Je, kipimo ni kibovu, tumekitumia vibaya, au hii dhana kwamba uchangamano ndio unaokula fedha za matengenezo haina msingi?

#2 Mpima Njia

Mkuu, dhana ina msingi na si ya juzi. Meir Lehman, aliyeuchunguza mfumo wa IBM uitwao OS/360 akiwa pamoja na László Bélády, alikwishaeleza katika miaka ya 1970 kwamba mfumo unaoendelea kubadilishwa huzidi kuchangamana isipokuwa pale inapofanyika kazi mahususi ya kuupunguzia uchangamano. Kuhusu fedha, mwaka 1993 Banker, Datar, Kemerer na Zweig walichapisha utafiti kuhusu programu za benki moja kubwa zilizoandikwa kwa COBOL, lugha ya zamani ya programu, wakakadiria kwamba uchangamano mkubwa ulichangia takriban asilimia 25 ya gharama za matengenezo na zaidi ya asilimia 17 ya gharama za maisha yote ya programu. Kiasi hicho hakiwezi kupuuzwa.

Ninachokiona kwako ni kwamba McCabe alipima sawasawa na ninyi mkapima sawasawa, isipokuwa matokeo hayajapewa muda. Subirini.

#3 Kitanzi

Kabla ya kuambiwa asubiri, naomba mleta mada atueleze hizo fanksheni zilivunjwa kwa namna gani. Jibu la swali lake huenda limejificha hapo.

#4 Fundi Bawaba

Nichukue ile iliyokuwa mbaya kuliko zote. Fanksheni ya kukokotoa makato ilikuwa na alama 30. Tuliikata vipande sita, kokotoaMakato1 hadi kokotoaMakato6, kila kimoja kikiwa chini ya kikomo. Kwa kuwa vipande vya mwisho vilihitaji kujua kilichoamuliwa katika vya mwanzo, tukaongeza bendera tatu za kweli au si kweli ambazo hupitishwa kutoka kipande kimoja hadi kingine.

#5 Kalamu Nyekundu

kokotoaMakato1 hadi kokotoaMakato6! Mkuu, atakayekuja kuutunza mfumo huo baada yenu atawaombea dua ya aina yake.

Utani kando, tufanye hesabu. Fanksheni yenye alama 30 ina maamuzi 29. Ukiigawa vipande sita bila kufuta hata sharti moja, maamuzi yanabaki 29 yaleyale, ila kila kipande kinaongezewa ile moja yake, kwa hiyo jumla inakuwa 35. Alama ya kila fanksheni kwa wastani imeshuka kutoka 30 hadi chini ya 6 na dashibodi imeshangilia, ilhali jumla ya kitu chenyewe mnachokipima imepanda. Hapo bado sijahesabu masharti mapya ya kukagua zile bendera tatu, ambayo hayakuwapo katika fanksheni ya awali kwa sababu mtiririko wenyewe ndio uliokuwa ukikumbuka kilichoamuliwa. Huku si kupunguza uchangamano. Mmefunika kombe ili mwanaharamu apite.

#6 Mzee wa COBOL

Namwongezea Kalamu Nyekundu (#5) na kumsahihisha Mpima Njia (#2). Utafiti ule wa mwaka 1993 haukuegemea alama ya McCabe kama inavyoweza kudhaniwa mtu akiusoma mchango wako. Waliangalia ukubwa wa moduli, ukubwa wa taratibu zilizomo ndani ya moduli, na matumizi ya matawi yanayoruka huku na kule, jambo ambalo sisi tulioishi na GO TO, ile amri ya kuruka hadi mahali pengine katika programu, tunalifahamu hata kabla ya kuonyeshwa takwimu. Tena hoja yao kuhusu ukubwa ilikuwa na pande mbili: moduli kubwa mno ni ghali kuitunza, na ndogo mno nayo ni ghali, kwa sababu anayeitunza analazimika kuzifungua nyingi ili aelewe jambo moja.

Kwa hiyo utafiti uliouleta kumtetea mleta mada ndio unaomwonya kwamba vipande vyake sita huenda vimempeleka upande wa pili wa gharama.

#7 Mgeni Mtaratibu

Shikamoo Mzee. Nimekaa hapa ninasoma, endeleeni.

#8 Bi Jaribio

Nadhani tunamlaumu McCabe kwa kazi ambayo haikuwa kazi ya kwanza ya kipimo chake. Alama yake inatoka katika nadharia ya grafu, yaani hisabati ya nukta na mistari inayoziunganisha, na kinachohesabiwa ni idadi ya njia huru ndani ya fanksheni. Faida yake ya moja kwa moja ni kwa anayejaribu programu: fanksheni yenye alama 8 inahitaji majaribio manane ili kila njia huru iguswe. Ni kipimo cha mzigo wa majaribio. Kwamba kinaeleza pia ugumu wa kusoma ni dai jingine, linalohitaji ushahidi wake.

Kuhusu kikomo cha 10, McCabe mwenyewe hakukigeuza kuwa amri. Aliruhusu fanksheni kubwa iliyo na orodha ndefu ya chaguo zinazojitegemea izidi hapo, na waraka wa mwaka 1996 wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ulioandikwa na Watson na McCabe ulieleza kwamba kikomo hadi 15 kimetumika kwa mafanikio pale timu ilipokuwa na sababu na uwezo. Mleta mada, kuna fanksheni zenu zilizokuwa orodha za chaguo tu na bado mkazivunja?

#9 Fundi Bawaba

Zipo. Ile inayochagua mpangilio wa ripoti kwa kila mwezi ilikuwa na chaguo kumi na mbili pamoja na chaguo la dharura, ikapata alama 13, ikavunjwa.

#10 Mjuzi Mkavu

Basi hapo ndipo kosa la kipimo linapoonekana wazi, na ndiyo sababu mimi sikitumii tena kwa kazi hii.

Chukua masharti matatu yanayofuatana, kila moja likimalizika kabla ya lingine kuanza. McCabe anatoa alama 4. Sasa chukua masharti matatu yaliyowekwa moja ndani ya jingine. McCabe anatoa alama 4 vilevile. Yeyote aliyewahi kurekebisha msimbo usiku anajua kwamba vitu hivi viwili havifanani: katika cha kwanza unasoma sharti na kulisahau, katika cha pili unafika ndani kabisa ukiwa umebeba kichwani masharti mawili ya nje. Kampuni ya SonarSource, kupitia kazi ya G. Ann Campbell, ilitoa kipimo kingine kinachoitwa uchangamano wa kiutambuzi, ambacho huongeza adhabu kadiri unavyoingia ndani. Cha kwanza kinapata 3. Cha pili kinapata 1 na 2 na 3, jumla 6. Orodha ya miezi ya mleta mada ingepata 1 tu, kwa sababu msomaji anaiona yote kwa mara moja.

Kanuni za uandishi za Linux zinasema jambo lilelile bila hesabu yoyote: ukihitaji zaidi ya ngazi tatu za kuingia ndani, rekebisha programu yako.

#11 Kitanzi

Mjuzi Mkavu (#10), mfano wako ni mzuri mno kiasi cha kunitia shaka. Mwaka 2017 Scalabrino na wenzake walipima vipimo 121 wakivilinganisha na namna wanaprogramu halisi walivyoelewa vipande vya msimbo, na hawakupata hata kimoja kilichoweza peke yake kueleza uelewa huo. Mia moja na ishirini na moja. Ukiondoa adhabu ya ngazi na kuweka adhabu nyingine, bado unahesabu alama zilizo juu ya skrini, ilhali anayesoma anakuja na uzoefu wake, na majina ya vibadilika (yale yanayobeba thamani ndani ya programu), na kujua au kutojua kwa nini kanuni fulani ya mishahara ipo.

#12 Mjuzi Mkavu

Kitanzi, kukosekana kwa kipimo kinachoeleza kila kitu hakumaanishi vipimo vyote ni sawa. Kati ya vijiti viwili vilivyopinda nitachukua kilichopinda kidogo.

#13 Mpima Njia

Naona mnapigana juu ya paa wakati msingi haujaangaliwa. Tatizo kubwa la vipimo hivi vyote ni ukubwa. Martin Shepperd alikwishaandika mwaka 1988 kwamba alama ya McCabe mara nyingi haitoi taarifa nyingi zaidi ya zile zinazopatikana kwa kuhesabu mistari ya msimbo. Mwaka 2001 El Emam na wenzake walionyesha jambo linalofanana na hilo kwa vipimo vya klasi, yaani mafungu yanayokusanya data na fanksheni zake: uhusiano kati ya vipimo na hitilafu ulififia walipozingatia ukubwa wa klasi. Fanksheni ndefu ina masharti mengi, ina hitilafu nyingi na ina maombi mengi ya mabadiliko, na sababu ya yote matatu ni urefu wake.

Kwa hiyo Fundi Bawaba angeweza kuhesabu mistari na kuokoa gharama ya leseni ya dashibodi.

#14 Kalamu Nyekundu

Katika #2 ulisema wapime na wasubiri, katika #13 unasema wahesabu mistari. Mkuu, tukupe muda kidogo tuone #20 utakuwa upande gani?

#15 Mzee wa COBOL

Mwacheni, mtu akisoma zaidi hubadilika.

Mimi mnanikumbusha Maurice Halstead na kitabu chake cha mwaka 1977. Yeye alihesabu alama tendaji (kama ya kujumlisha) na alama tendwa (zile zinazotendewa, kama namba na majina) katika programu, akapata ujazo, kisha ugumu, kisha juhudi, halafu juhudi ikagawanywa kwa 18 ili upate sekunde ambazo mwanaprogramu angetumia. Kumi na nane! Namba hiyo ilichukuliwa kutoka katika saikolojia, kwa dhana kwamba akili hufanya idadi fulani ya ubaguzi wa msingi kwa sekunde. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikaja faharasa ya utunzikaji, ambayo inaanzia 171, ikatoa mara 5.2 ya logi (logarithi) ya ujazo wa Halstead, ikatoa mara 0.23 ya alama ya McCabe, ikatoa mara 16.2 ya logi ya idadi ya mistari. Vipimo vitatu tunavyogombana juu yake hapa vilitiwa kwenye chungu kimoja, na namba za kuzidishia zikatafutwa kwa kulinganisha na maoni ya wahandisi waliokuwa wakiitunza mifumo ya wakati huo. Bado kuna zana zinazoionyesha kwa rangi ya kijani, njano na nyekundu, na vijana wanaziamini.

#16 Bi Jaribio

Mzee, historia yako ni tamu, lakini mleta mada bado hajajua kwa nini maombi yake yanachukua muda mrefu. Turudi kwenye reli.

#17 Nahodha wa Seva

Nirudishe mimi, kwa kisa nilichokutana nacho mwenyewe.

Katika mfumo mmoja niliowahi kuutunza lilikuja ombi la kuongeza tarakimu za namba ya mfanyakazi kutoka sita hadi nane. Hakuna fanksheni iliyohusika iliyokuwa na alama ya McCabe zaidi ya 5. Mkaguzi yeyote angeusifu msimbo ule. Tulibadilisha safu katika hifadhidata, tukabadilisha fomu ya kuingizia taarifa, tukadhani tumemaliza. Kumbe ripoti moja ilikuwa ikitenga nafasi za herufi sita kabla ya jina, fanksheni nyingine ilikuwa ikikata herufi sita za kwanza ili kuunda jina la faili la kutuma kwa mfumo mwingine, na mfumo huo mwingine ukawa unapokea faili mbili zenye jina moja na kuifuta ya kwanza bila kulalamika. Kila kipande kilikuwa rahisi. Kilichokuwa kigumu ni kwamba vipande vingi vilijua siri moja, na hapakuwa na mahali palipoandikwa kwamba vinaijua.

Sallie Henry na Dennis Kafura walilenga hasa jambo hili mwaka 1981. Kipimo chao kinachukua ukubwa wa utaratibu na kuuzidisha kwa kipeo cha pili cha zao la taarifa zinazoingia na zinazotoka. Utaratibu wenye njia tatu za kuingia na nne za kutoka unapata 12 kwa kipeo cha pili, yaani 144, kabla ya kuzidisha kwa ukubwa. Ongeza njia za kutoka ziwe nane na unapata 576. Hukugusa sharti hata moja, na alama imezidi mara nne. Sasa rudi kwenye vipande sita vya mleta mada vinavyopitishiana bendera tatu. Uchangamano haukutoka nje ya nyumba. Ulihama kutoka ndani ya fanksheni ukaenda kukaa katikati ya fanksheni, mahali ambapo McCabe haangalii.

#18 Kitanzi

Hapa umenena, Nahodha. Naongeza tu kwamba hata hivyo kipimo chao kisingeliona kisa chako chote, kwa sababu jina la faili linalokwenda kwenye mfumo mwingine si mwito wa fanksheni.

#19 Dada Hesabu

Naomba radhi kwa kuingilia. Mimi si mwanaprogramu, ninafanya kazi upande wa bajeti. Tangu mwanzo mnasema gharama za matengenezo hazijashuka. Gharama hizo zinahesabiwaje? Kwetu, timu ya kompyuta inaandika saa zote katika fungu moja linaloitwa matengenezo, iwe ni kurekebisha hitilafu, kuongeza ripoti mpya aliyoiomba mkurugenzi, au kubadilisha viwango baada ya sheria kubadilika. Kama maombi ya ripoti mpya yameongezeka, fungu litapanda hata msimbo ukiwa msafi kama karatasi mpya.

#20 Mpima Njia

Dada Hesabu, swali lako ndilo lililopaswa kuwa #2, na ninalisema hilo nikimtazama Kalamu Nyekundu. Lientz na Swanson walipofanya utafiti wao uliochapishwa mwaka 1980 kwa kuyahoji mashirika 487, walikuta kwamba takriban sehemu moja ya tano tu ya juhudi za matengenezo ilikwenda kwenye kurekebisha hitilafu. Sehemu kubwa zaidi ilikwenda kwenye maboresho, hasa yale yaliyoombwa na watumiaji, na nyingine kwenye kuifanya programu iendane na mazingira yaliyobadilika. Maboresho ni ishara kwamba mfumo unatumika. Hakuna kipimo cha uchangamano kitakachomfanya mkurugenzi aache kuomba ripoti.

#21 Bi Jaribio

Sikubaliani na namna unavyohitimisha. Uchangamano haupunguzi idadi ya maombi, lakini unagusa bei ya kila ombi, na mleta mada alizungumzia muda kwa kila ombi. Swali la Dada Hesabu linabaki muhimu kwa upande mmoja: je, maombi ya mwaka huu yanafanana na ya mwaka jana? Ukilinganisha ombi la kubadilisha kichwa cha ripoti na ombi la kuingiza aina mpya ya posho, hujalinganisha kitu.

Ninaogopa pia kwamba tunaelekea kusema vipimo havina kazi. Mwaka 2013, katika kesi dhidi ya Toyota kuhusu gari lililodaiwa kwenda kasi lenyewe, iliyosikilizwa Oklahoma nchini Marekani, mtaalamu Michael Barr alitoa ushahidi kwamba katika programu ya kudhibiti injini zilikuwamo fanksheni 67 zenye alama ya McCabe zaidi ya 50, na ile iliyokokotoa ufunguzi wa kilango cha hewa ilizidi 100. Alama kama hiyo inakuambia, kabla hujasoma mstari hata mmoja, kwamba hakuna aliyeweza kuijaribu fanksheni hiyo kikamilifu.

#22 Kitanzi

Inakuambia haikujaribika, ndiyo. Haikuambii ilikosea wapi, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011 ambao NASA ilishiriki haukuthibitisha kwamba kasoro ya kielektroniki ndiyo iliyokuwa chanzo cha magari kwenda kasi yenyewe. Nikupe na mfano wa upande wa pili. Mwezi Februari 2014 Apple ilitoa marekebisho ya hitilafu iliyosababishwa na mstari mmoja wa kuruka, «goto fail;», ulioandikwa mara mbili mfululizo. Wa kwanza ulikuwa chini ya sharti. Wa pili haukuwa chini ya sharti lolote, kwa hiyo programu iliruka kila mara na kupita pembeni ya hatua ya kuthibitisha saini ya usalama. Ongeza mstari huo, alama ya McCabe haibadiliki, kwa kuwa hakuna uamuzi ulioongezeka. Onyo la kikusanyi (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) kuhusu msimbo usiofikika, kama lingewashwa, lingeweza kuukamata.

#23 Bi Jaribio

Na majaribio ya njia zote pia yangeukamata. Hilo ndilo ninalolisema tangu #8.

#24 Mjuzi Mkavu

Nina pendekezo la vitendo kwa mleta mada. Alama ya uchangamano peke yake haina maana ya kifedha mpaka ujue ni mara ngapi faili hilo linaguswa. Faili lenye alama ya kutisha ambalo halijabadilishwa kwa muda mrefu halikugharimu chochote; liache lilale. Chukua historia ya mabadiliko, ile rekodi ya kila badiliko lililofanywa kwenye mafaili, hesabu kila faili limeguswa mara ngapi, weka idadi hiyo pamoja na alama ya uchangamano, kisha angalia yaliyo juu kwa vyote viwili. Adam Tornhill ameieneza sana njia hii. Hata Nagappan na Ball, walipochunguza Windows Server 2003, walionyesha mwaka 2005 kwamba kiasi cha msimbo uliobadilishwa kikilinganishwa na ukubwa wa sehemu husika kinatabiri vizuri msongamano wa hitilafu. Fanya hivyo kisha utuletee mrejesho.

#25 Fundi Bawaba

Asanteni wote. Nimefanya kama alivyoshauri Mjuzi Mkavu, na matokeo yamenishangaza kidogo.

Fanksheni nyingi tulizozivunja zimo katika mafaili ambayo hayakuguswa kabisa kabla ya zoezi letu. Vipande vya makato vinaguswa mara kwa mara, na karibu kila badiliko linagusa vipande viwili au vitatu kwa pamoja, jambo linalompa Nahodha (#17) haki. Lakini kinachoongoza orodha si fanksheni yoyote. Kinachoongoza ni faili la mipangilio lenye viwango na masharti ya posho, na la pili ni taratibu zilizohifadhiwa ndani ya hifadhidata, yaani programu ndogo zinazoendeshwa humo humo. Dashibodi haikupima hata kimoja kati ya hivyo, kwa sababu zana yetu inasoma lugha kuu ya mfumo tu. Nilipolifungua lile faili la mipangilio nikakuta kwamba baadhi ya masharti tuliyoyaondoa kwenye msimbo ili kushusha alama yalihamishiwa humo, yakiandikwa kama maneno ambayo programu inayasoma na kuyatafsiri.

#26 Kalamu Nyekundu

Kwa hiyo dashibodi imekuwa ya kijani kwa sababu uchangamano umehamia mahali isipoona. Mchumi Charles Goodhart alilizungumza jambo la aina hiyo mwaka 1975 kuhusu sera za fedha: kipimo kikigeuzwa kuwa lengo, hakiaminiki tena kama kipimo. Ninachotaka kujua ni nani aliyeamua kuyahamishia huko, na kama alikuwa amewekewa lengo la alama katika tathmini yake ya kazi.

#27 Fundi Bawaba

Sote tuliwekewa.

#28 Nahodha wa Seva

Tusikimbilie kulaumu lengo peke yake. Masharti ya posho yapo kwa sababu kanuni za posho ndivyo zilivyo. Fred Brooks alitofautisha mwaka 1986 uchangamano uliomo katika tatizo lenyewe na ule tunaouleta sisi kwa namna tunavyotatua. Ule wa kwanza unaweza kuuhamisha kutoka kwenye msimbo kwenda kwenye mipangilio, kwenda kwenye hifadhidata, kwenda kwenye kichwa cha ofisa wa mishahara, lakini kuufuta huwezi mpaka kanuni zibadilike. Swali la haki ni je, hapo ulipouweka unaonekana na unajaribika? Faili la maneno yanayotafsiriwa bila majaribio ni mahali pabaya kuliko fanksheni ya alama 30.

#29 Mgeni Mtaratibu

Samahani wakuu, nimesoma yote na nina swali. Fundi Bawaba alisema mfumo umepita katika mikono ya timu mbili. Mbona hakuna aliyeuliza kama kuna mtu aliyebaki anayeujua?

#30 Mzee wa COBOL

Kijana ameona tulichokiruka sote. Nagappan, Murphy na Basili walichunguza Windows Vista na mwaka 2008 wakaonyesha kwamba vipimo vya muundo wa shirika, kama vile wahandisi wangapi waligusa sehemu fulani, wangapi wameondoka, na waliobaki wametawanyika kiasi gani katika ngazi za uongozi, vilitabiri sehemu zenye hitilafu vizuri kuliko uchangamano wa msimbo. Melvin Conway alikwishasema mwaka 1968 kwamba mfumo hufuata sura ya mawasiliano ya waliouunda. Timu mbili zikiondoka, sura inabaki na waliokuwa wakiifahamu hawapo.

Kama ningekuwa mimi, fedha za leseni ya dashibodi ningezipeleka kumlipa mmoja wa watu wa timu ya zamani aje akae na vijana hawa.

#31 Mpima Njia

Naheshimu kauli ya Mzee, lakini tuwe waangalifu na kuuchukua mfumo mmoja na kuuvika mingine yote. Nagappan huyohuyo, akiwa na Ball na Zeller, alichunguza mwaka 2006 mifumo mitano ya Microsoft. Katika kila mmoja walipata vipimo vya uchangamano vilivyohusiana na hitilafu baada ya kutolewa, ila havikuwa vilevile kutoka mfumo mmoja hadi mwingine. Mfumo wa mishahara wenye timu ndogo si Vista. Mleta mada anapaswa kutafuta kipimo kwa historia yake mwenyewe.

#32 Bi Jaribio

Na wakati anakitafuta, afanye nini na vile vipande sita? Mimi nasema aandike kwanza majaribio yanayopitia makato yote kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha aviunganishe tena kwa kufuata aina za makato, si kwa kufuata kikomo. Fanksheni moja ya alama 14 yenye jina linaloeleweka na majaribio kumi na manne naipokea kwa mikono miwili.

#33 Kitanzi

Nami nasema asiguse. Kila badiliko la kupendezesha ni badiliko, na mishahara ya watu imo humo. Avibadilishe majina, afute bendera moja baada ya nyingine kila ombi halisi linapompeleka hapo, basi.

#34 Fundi Bawaba

Uongozi umekubali kuondoa lengo la alama kwa msimbo wa zamani na kulibakiza kwa msimbo mpya, likiwa 15. Kuhusu vipande sita, timu imegawanyika kama mlivyogawanyika ninyi. Je, kuna anayefahamu zana inayoweza kusoma taratibu za hifadhidata na msimbo mkuu kwa pamoja, ikaonyesha vinavyobadilika kwa wakati mmoja?

#35 Mjuzi Mkavu

Kwa hilo huhitaji zana inayosoma lugha yoyote, mkuu. Historia ya mabadiliko haijali lugha. Tafuta mafaili yanayoonekana pamoja katika badiliko moja, mradi zile taratibu za hifadhidata nazo zihifadhiwe humohumo. Zinahifadhiwa?

#36 Fundi Bawaba

Hapana. Zinabadilishwa moja kwa moja kwenye seva. Nilizokuta kwenye orodha ni nakala anazozihifadhi mwenzetu mmoja kwa hiari yake.

#37 Nahodha wa Seva

Basi anza na hilo, dashibodi baadaye.